Masikio Mawili, Nyakati Mbili: Maswali na Majibu ya Marudio Kuhusu Ufunikaji wa Sauti

Mada hii huwapotezea watahiniwa alama kwa sababu moja kubwa: neno "muda" hubeba maana mbili ndani yake. Kuna tofauti ya muda kati ya sikio la kulia na la kushoto, ambayo hupimwa kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Kuna pia muda unaopita kati ya kelele na sauti unayotaka kuisikia, ambao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu. Masikio mawili yakishirikiana ni hodari mno katika kupima muda wa kwanza, lakini ni mazito katika kufuata mabadiliko yanayotokea ndani ya muda wa pili. Ukishika jambo hilo, maswali yote yaliyomo humu utayaona yanashikana. Funika jibu kwa karatasi, lijibu swali kwa maneno yako, ndipo usome.

SEHEMU A: MISINGI

Swali la 1. Eleza maana ya ufunikaji wa sauti na namna unavyopimwa. (alama 3)

Jibu. Ufunikaji ni hali ya sauti moja kuifanya nyingine isisikike, au isikike kwa shida, ingawa hiyo nyingine ingesikika vizuri kama ingekuwa peke yake. Sauti inayofunika tutaiita kelele, na inayotafutwa tutaiita ishara. Kipimo chake ni idadi ya desibeli ambazo kizingiti cha kusikia ishara kimepanda kwa sababu ya kelele. Mfano: tani, yaani sauti ya masafa mamoja, inayosikika kwa desibeli 10 penye ukimya, lakini inahitaji desibeli 45 penye kelele, imefunikwa kwa desibeli 35.

Swali la 2. Taja na ueleze aina tatu za ufunikaji kwa kufuata mpangilio wa muda. (alama 6)

Jibu.
(a) Ufunikaji sambamba: kelele na ishara husikika kwa wakati mmoja. Huu ndio wenye nguvu kuliko zote.
(b) Ufunikaji wa mbele: kelele hutangulia, ikanyamaza, kisha ishara ikafuata. Athari yake hupungua kadiri pengo linavyorefuka, na huisha baada ya takriban milisekunde 100 hadi 200.
(c) Ufunikaji wa nyuma: ishara hutangulia na kelele hufuata. Muda wake ni mfupi zaidi, takriban milisekunde 20 au pungufu, na msikilizaji aliyefanya mazoezi mengi huweza kuonyesha athari ndogo sana.

Angalizo: majina "mbele" na "nyuma" huhesabiwa kutoka kwenye kelele. Kelele inayofunika kitakachokuja inafunika mbele yake. Inayofunika kilichokwisha kupita inafunika nyuma yake. Wengi hugeuza hapa na kupoteza alama zote sita.

Swali la 3. Kelele iliyokwisha nyamaza hufunikaje? (alama 4)

Jibu. Mlango ukibamizwa, neno la kunong'onwa linalofuata papo hapo hupotea. Sababu zinazotajwa ni mbili, na zote mbili zina nafasi. Kwanza, niuroni za neva ya kusikia huchoka kwa muda mfupi baada ya sauti kubwa, hivyo huitikia ishara dhaifu kwa nguvu pungufu. Pili, msisimko ulioamshwa na kelele hauzimiki ghafla katika mfumo wa kusikia. Mabaki yake huchanganyika na ishara inayofuata kana kwamba vyote vimefika pamoja.

Swali la 4. Sauti ikitoka upande mmoja, masikio mawili hupata taarifa gani? (alama 5)

Jibu. Hupata taarifa mbili. Ya kwanza ni tofauti ya muda: sauti hufika mapema kwenye sikio lililo karibu. Kwa kichwa cha mtu mzima, tofauti hiyo haizidi sana mikrosekunde 650 hadi 700. Ya pili ni tofauti ya ukubwa: kichwa huweka kivuli cha sauti upande wa mbali, hasa kwa masafa ya juu. Lord Rayleigh alizipanga taarifa hizi mbili katika nadharia moja mwaka 1907: muda kwa masafa ya chini, ukubwa kwa masafa ya juu.

Katika mazingira bora ya maabara, mtu mwenye mazoezi hutambua tofauti ya muda ya takriban mikrosekunde 10. Niuroni moja ikirusha mpigo wake wa umeme, mpigo huo huchukua karibu milisekunde nzima, yaani mara mia moja ya muda huo. Uwezo huu hautoki kwenye niuroni moja. Unatoka kwenye ulinganifu wa nyingi.

Swali la 5. Ubongo hulinganishaje muda wa masikio mawili? (alama 5)

Jibu. Mwaka 1948, Lloyd Jeffress alipendekeza kwamba mipigo kutoka kila sikio hupita katika njia zenye ucheleweshaji wa urefu tofauti, na kwamba zipo niuroni zinazowaka pale tu mipigo ya pande zote mbili inapofika kwa pamoja. Niuroni inayowaka zaidi huonyesha tofauti ya muda iliyopo. Kwa binadamu na mamalia wengine, ulinganishaji huu huanza katika shina la ubongo, kwenye kundi la niuroni liitwalo olivu ya juu ya kati. Utafiti juu ya bundi ulionyesha mpangilio unaofanana sana na pendekezo la Jeffress; kwa mamalia wadogo, wataalamu bado wanabishana kama ramani ya ucheleweshaji ipo kwa namna hiyohiyo. Katika mtihani, taja mfano wa Jeffress kama mfano, usiuandike kama jambo lililofungwa.

SEHEMU B: FAIDA YA MASIKIO MAWILI

Swali la 6. Nini maana ya faida ya masikio mawili dhidi ya ufunikaji? Toa mfano wenye namba. (alama 8)

Jibu. Ni idadi ya desibeli ambazo kizingiti cha ishara ndani ya kelele hushuka pale masikio mawili yanapopewa tofauti ya kulinganisha, ukilinganisha na hali ambayo masikio yote yanapokea vitu vilevile. Mwaka 1948 Ira Hirsh alionyesha jambo hili kwa tani, na J. C. R. Licklider akalionyesha kwa maneno.

Alama za kimataifa ni rahisi: N ni kelele, S ni ishara. Sifuri ina maana masikio yote mawili yanapata wimbi lilelile. Herufi π ina maana wimbi la sikio moja limegeuzwa juu chini. Herufi m ina maana sikio moja tu ndilo linalopewa.

Kwa tani ya hezi 500 ndani ya kelele pana, yaani yenye masafa mengi, matokeo ya kawaida ni haya:
- NmSm na N0S0: hakuna faida, hizi ndizo hali za rejea.
- N0Sm: faida ya takriban desibeli 9.
- NπS0: faida ya takriban desibeli 13.
- N0Sπ: faida ya takriban desibeli 15.

Tazama mwendo kutoka NmSm kwenda N0Sm. Sikio la kulia lina kelele na tani, na tani haisikiki. Ukiongeza kelele ileile kwenye sikio la kushoto, tani inajitokeza. Kisha ongeza na tani kwenye sikio la kushoto ili ifanane na ya kulia: tani inapotea tena. Kelele iliyoongezwa imesaidia, na ishara iliyoongezwa imedhuru. Mtahini anayetaka kujua kama umeelewa atauliza hapa.

Swali la 7. Eleza sababu ya faida hiyo kwa kutumia mfano wa kusawazisha na kufuta. (alama 5)

Jibu. Mfano huu ulitolewa na Nathaniel Durlach mwaka 1963. Unasema kwamba ubongo hufanya mambo mawili. Kwanza husawazisha kelele ya pande mbili, kwa kuchelewesha upande mmoja au kurekebisha ukubwa wake, hadi kelele za pande zote zifanane. Kisha hutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kelele, kwa kuwa zimefanana, hufutana. Ishara, kwa kuwa ina tofauti yake, hubaki. Katika N0S0 ishara nayo hufanana pande zote, hivyo hufutwa pamoja na kelele na faida haipatikani. Kazi ya kufuta haifanyiki kikamilifu, kwani muda na ukubwa ndani ya mfumo vina makosa madogo. Ndiyo maana faida ina kikomo.

Swali la 8. Kwa nini faida hupungua masafa yanapopanda? (alama 4)

Jibu. Faida hii inategemea niuroni kurusha mipigo zikifuata hatua za wimbi, yaani kupanda na kushuka kwake. Uwezo wa kulinganisha hatua hizo kati ya masikio hufifia karibu na hezi 1,500. Kwa masafa ya chini, karibu hezi 250 hadi 500, faida hufikia desibeli 15. Juu ya hezi 2,000 hubaki desibeli 2 au 3 tu. Kilichobaki hutokana na mabadiliko ya polepole ya ukubwa wa wimbi, ambayo ubongo bado unaweza kuyalinganisha.

SEHEMU C: MUDA UNAPOINGIA KATI

Swali la 9. Je, kuna tofauti kelele ikianza pamoja na ishara, au ikitangulia? (alama 5)

Jibu. Ipo. Kelele inayoanza pamoja na ishara humnyima msikilizaji nafasi ya kuijua kelele yenyewe. Mwaka 1966 Dennis McFadden alionyesha kwamba faida ya masikio mawili ni kubwa zaidi kelele inapoendelea muda wote kuliko inapowashwa na kuzimwa pamoja na ishara. Kipande cha kelele kinachotangulia huupa mfumo wa masikio mawili muda wa kutulia na kushika hali ya kelele, na ishara inapoingia, tofauti yake hujitokeza waziwazi.

Usichanganye jambo hili na lile lililoelezwa na Eberhard Zwicker mwaka 1965, ambapo tani fupi iliyowekwa mwanzoni kabisa mwa kelele ni ngumu kusikika kuliko iliyowekwa katikati. Hilo hutokea hata kwa sikio moja.

Swali la 10. Je, faida ya masikio mawili ipo katika ufunikaji wa mbele na wa nyuma? (alama 4)

Jibu. Ipo, lakini ni ndogo kuliko katika ufunikaji sambamba, na hupungua kadiri pengo linavyoongezeka. Katika ufunikaji sambamba, ishara huchanganyika na kelele ndani ya kila sikio na kubadilisha uhusiano wa pande mbili papo hapo. Kelele ikishanyamaza, mchanganyiko huo haupo tena hewani. Kinacholinganishwa ni mabaki yaliyomo ndani ya mfumo, nayo yanafifia kila milisekunde. Aidha, pengo likiwa refu kiasi kwamba hakuna ufunikaji wowote, hakuna cha kupunguzwa, na neno "faida" linakosa maana.

Swali la 11. Fafanua ugoigoi wa masikio mawili na utoe ushahidi wake. (alama 10)

Jibu. Ugoigoi ni uzito wa mfumo wa masikio mawili katika kufuata mabadiliko ya uhusiano kati ya pande mbili. Sikio moja hufuata mabadiliko ya ukubwa wa sauti ndani ya milisekunde chache. Masikio mawili huhitaji makumi ya milisekunde, hata mia na zaidi, ili yakubali kwamba uhusiano wa pande mbili umebadilika.

Ushahidi wa kwanza: D. Wesley Grantham na Frederic Wightman, mwaka 1978, waliwasikilizisha watu kelele ambayo tofauti yake ya muda kati ya masikio ilibadilika kwenda na kurudi. Mwendo ukiwa wa polepole, msikilizaji huisikia sauti ikihama kutoka upande hadi upande. Mwendo ukizidi mizunguko michache kwa sekunde, sauti haihami tena. Inasikika kama imetanda kichwani. Mwaka 1979 waliweka tani fupi ndani ya kelele ambayo ufanano wake kati ya masikio ulibadilika kila mara. Hata tani ilipoingia kwenye nukta nzuri kabisa ya kelele, faida ilipotea kadiri mabadiliko yalivyoharakishwa.

Ushahidi wa pili: Birger Kollmeier na Robert Gilkey, mwaka 1990, waligeuza ghafla kelele kutoka hali isiyosaidia kwenda hali inayosaidia, bila kubadilisha ukubwa wake. Kizingiti cha ishara hakikushuka ghafla. Kilishuka polepole, taratibu zaidi kuliko kilivyoshuka pale kelele ilipopunguzwa ukubwa tu.

Tafsiri: masikio mawili husikiliza kupitia dirisha la muda lililo pana. Kila kilichomo ndani ya dirisha huchanganywa kuwa wastani mmoja. Ishara ikiwa fupi na kelele ikiwa inabadilika haraka, wastani huo huibeba hata kelele ya kabla na ya baada ya ishara.

Hitimisho lenye alama: mfumo unaotambua mikrosekunde 10 za tofauti kati ya pande mbili huhitaji mara elfu kadhaa ya muda huo, hata elfu kumi na zaidi, ili kufuata badiliko la tofauti hiyo. Hakuna ukinzani. Usahihi hupatikana kwa kukusanya ushahidi, na kukusanya huchukua muda.

Swali la 12. Tofautisha ufunikaji na kanuni ya sauti ya kwanza. (alama 6)

Jibu. Hans Wallach, Edwin Newman na Mark Rosenzweig, mwaka 1949, walieleza kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa karibu, msikilizaji husikia moja tu, nayo huonekana kutoka mahali pa ile ya kwanza. Helmut Haas, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1951, alionyesha kwa maneno kwamba mwangwi uliochelewa milisekunde kati ya 10 na 20 unaweza kuwa na nguvu zaidi ya sauti ya kwanza kwa desibeli 10 hivi, na bado usisikike kama sauti ya pili.

Kwa mpangilio wa muda:
- Chini ya milisekunde 1: sauti huonekana kutoka mahali palipo kati ya vyanzo viwili.
- Kutoka milisekunde 1 hadi takriban 5 kwa mlio mfupi, au 30 hadi 50 kwa maneno: sauti huungana, na ya kwanza huamua mahali.
- Zaidi ya hapo: mwangwi husikika kama sauti ya pili.

Tofauti kuu ni hii: mwangwi katika kanuni hii haukufunikwa. Ukiuondoa, msikilizaji hutambua mara moja kwamba sauti imepungua ukubwa na upana. Kilichozuiwa ni taarifa yake ya mahali.

SEHEMU D: HESABU

Swali la 13. Njia ya sauti kuzunguka kichwa hadi sikio la mbali imezidi kwa sentimita 22. Mwendo wa sauti ni mita 343 kwa sekunde. (a) Tafuta tofauti ya muda. (b) Ni nyuzi ngapi za mzunguko wa wimbi kwa tani ya hezi 500? (c) Eleza tatizo la hezi 2,000. (alama 7)

Jibu.
(a) 0.22 ÷ 343 = sekunde 0.00064, yaani mikrosekunde 640 hivi.
(b) Mzunguko mmoja wa hezi 500 huchukua milisekunde 2. Basi 0.64 ÷ 2 × 360 = takriban nyuzi 115.
(c) Mzunguko wa hezi 2,000 ni milisekunde 0.5. Tofauti ya milisekunde 0.64 imezidi mzunguko mzima, hivyo ubongo hauwezi kujua unalinganisha kilele kipi na kipi.

Swali la 14. Kizingiti cha tani katika N0S0 ni desibeli 58, na katika N0Sπ ni desibeli 43. Tafuta faida, na useme nguvu ya ishara imepungua mara ngapi. (alama 4)

Jibu. Faida = 58 − 43 = desibeli 15. Uwiano wa nguvu = 10 kwa kipeo cha 1.5, yaani takriban mara 32. Kwa hiyo ishara yenye nguvu ya sehemu moja ya 32 husikika sawasawa na ile ya mwanzo.

SEHEMU E: VITENDO NA KLINIKI

Swali la 15. Pendekeza jaribio rahisi la kuonyesha faida ya masikio mawili. (alama 5)

Jibu. Tumia hedifoni na programu yoyote ya kuhariri sauti yenye njia mbili. Tengeneza kelele moja na uiweke ileile kulia na kushoto. Ongeza tani ya hezi 500 pande zote mbili, kisha uipunguze hadi isisikike. Sasa geuza juu chini wimbi la tani kwenye upande mmoja tu, bila kugusa kelele. Tani itajitokeza. Rudia kwa hezi 3,000 uone jinsi faida inavyopungua. Weka sauti ya wastani; masikio ni ya kutunzwa.

Swali la 16. Maarifa haya yana kazi gani kwa wagonjwa? (alama 6)

Jibu.
(a) Kipimo cha faida ya masikio mawili kwa tani ya hezi 500 husaidia kuchunguza shina la ubongo. Mtu anaweza kusikia tani vizuri kwa kila sikio peke yake, lakini faida ikawa ndogo kwa sababu ulinganishaji wa pande mbili una hitilafu.
(b) Watoto waliokuwa na majimaji ya muda mrefu katika sikio la kati huweza kuonyesha faida pungufu hata baada ya sikio kupona. Kuziba kwa sikio kunapokwisha, ubongo bado huhitaji muda wa kujifunza upya kulinganisha. Mtoto anayesema hasikii darasani penye kelele, ilhali kipimo cha kawaida kinaonyesha yuko sawa, asiitwe mtukutu kabla hajachunguzwa.
(c) Vifaa vinavyopandikizwa kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani, hata vikiwa viwili, kwa kawaida havipeleki hatua za wimbi kwa usahihi wala haviendeshwi na saa moja. Ndiyo maana faida hii kwa watumiaji wake huwa ndogo kuliko kwa mwenye masikio mazima.

MAKOSA YA KUEPUKA

- Kuandika kwamba faida hutokana na kuwa na masikio mawili tu. Katika N0S0 masikio yapo mawili na faida haipo. Inahitajika uhusiano wa pande mbili wa ishara utofautiane na ule wa kelele.
- Kuchanganya mikrosekunde na milisekunde. Kosa hilo moja hubadilisha jibu mara elfu.
- Kusema ugoigoi ni ugonjwa. Ni tabia ya kawaida ya masikio yenye afya.
- Kuita kanuni ya sauti ya kwanza ufunikaji.
- Kutaja desibeli bila kutaja masafa. Desibeli 15 ni za hezi 500, si za hezi 4,000.

Neno la mwisho kwako, mtahiniwa. Kabla hujaandika jibu lolote la mada hii, chora mistari miwili kwenye karatasi ya rafu. Wa kwanza uonyeshe sikio la kulia na la kushoto, na uandike mikrosekunde. Wa pili uonyeshe kelele na ishara, na uandike milisekunde. Kisha jiulize swali linauliza mstari upi. Maswali mengi huuliza mmoja tu; yale yenye alama nyingi huuliza jinsi mistari hiyo miwili inavyokutana.